Kisu Kilikuwa Chini

Pale machinjioni kulikuwa na neno moja lisilochezewa. Ng'ombe akikata kamba na kuingia ukumbini na pembe zake, wa kwanza kumwona alipaza sauti: "Visu chini!" Basi. Hapakuwa na kuuliza wala kutazamana. Kila mwenye kisu alikiachia kianguke papo hapo alipo, akarukia benchi la saruji, uso kaugeuzia mlango wa zizi. Maana sakafu ile ilikuwa na damu na mafuta, inateleza kama kamasi, na mtu anayemkimbia ng'ombe huku kashika kisu anakikimbilia kifo chake mwenyewe. Waliowahi kufa mle ndani wengi wao hawakuuawa na pembe.

Neno hilo lilikuwa kazi ya Mama Sauti. Alikuwa mwosha matumbo, mjane, mwili kiduchu, lakini koo Mungu alimpa la watu watatu. Karo lake lilitazamana na mlango wa zizi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona mwanzo. Kila kijana mgeni alipitia mikononi mwake. Alimshikisha kisu cha mti, akamwacha ajisahau na kazi, kisha akamnyemelea na kumpigia neno lile kisogoni. Tena na tena, mpaka vidole vinafunguka vyenyewe.

"Sitaki ufikiri," aliwaambia. "Ukifikiri, tunakuzika."

Sindano, kijana mwembamba aliyepewa jina hilo kwa umbo lake, alishika somo upesi kuliko wote. Radi, mwanawe wa kumzaa, Mama Sauti hakumfundisha. Alidhani mtoto aliyeinyonya sauti ile pamoja na maziwa hahitaji somo. Kumbe aliyekulia kwenye kelele hasikii kelele.

Radi alikuwa mchuna ngozi mpaka alipotoboa ngozi nyingine tena na wanunuzi wakaikataa. Fundi Mkubwa, mchinjaji aliyewasimamia wote, akamwondoa kwenye ngozi akamweka kwenye kwato na vichwa. Nafasi yake akapewa Sindano. Na Sindano alikuwa mdogo wake Fundi Mkubwa, tumbo moja. Hapo ndipo ulimi wa watu ulipopata kazi.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Sindano aliikunjua ngozi akaiinua kwenye mwanga.

"Tazameni, jamani. Haina dirisha hata moja. Ile ya juzi ungeweza kuitundika mlangoni, watoto wachungulie wageni."

Ukumbi ukacheka. Radi akaacha kwato.

"Rudia."

"Aa, ndugu yangu, si utani tu?"

"Nimesema rudia."

"Wewe baki na kwato, Radi. Kwato hazitoboki."

Radi alimpiga kichwa cha pua. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu, na Sindano akarudi nyuma huku damu ikimwingia mdomoni. Ugomvi ungeishia hapo, lakini wote wawili walikuwa kazini, na mtu wa kazi ile kisu chake ni kama kidole cha sita. Sindano alirusha mkono bila hata kuangalia, akamchana Radi kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Radi akanguruma. Wakazungukana, visu mbele, viatu vya mpira vikiteleza, na wenzao wakawazunguka wakipiga kelele, nusu wakiwaachanisha, nusu wakishangilia.

Mama Sauti alitupa utumbo kwenye karo. Aliona mwanawe anatokwa damu. Aliona macho yake pia, na macho yale hayakuwa ya mtu anayetaka kuachanishwa. Akafungua kinywa, likatoka neno ambalo koo lake lilijua kulitoa kuliko yote.

"Visu chini!"

Visu vikaanguka ukumbi mzima, kengele juu ya kengele. Wanaume wakarukia mabenchi, nyuso zikageukia zizini. Kisu cha Sindano nacho kikaanguka. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya benchi, ameinua mkono kujivuta, macho yanatafuta pembe mlangoni, Radi alipomfikia. Alimchoma chini ya kwapa lile lililoinuliwa. Akakisukuma kisu mpaka mpini ukazuiwa na mbavu, akakizungusha, akakitoa.

Sindano akakaa juu ya benchi taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Ng'ombe yuko wapi, mama?" akauliza.

Hakungoja jibu. Damu ilimtoka kwapani na mdomoni kwa pamoja, na alipoanguka kichwa chake kiligonga ukingo wa saruji, lakini nadhani hilo hakulisikia.

Hakukuwa na ng'ombe. Watu walipogeuka waliona Radi amesimama na kisu chekundu, Sindano chini, na visu vimetapakaa sakafuni hata hakuna aliyejua kipi ni cha nani.  Kisha wakamvamia.

Walimpiga kwa kwato alizokuwa akizikata mwenyewe. Walimpiga kwa mifupa ya paja na kwa mpira wa maji wenye bomba la shaba kwenye ncha. Mpasua mbavu, jitu lenye mikono kama magogo, alimkamata nywele akamgongesha uso kwenye nguzo mpaka jino likabaki kwenye rangi. Mmoja akavuta kulabu ya kutundikia nyama. Ikamwingia Radi begani, ikatokeza mbele chini ya mfupa wa shingo, wakaanza kuvuta mnyororo. Sauti aliyoitoa Radi, mama yake alikuwa hajapata kuisikia hata kwa mnyama.

"Alikuwa na kisu!" Radi alilia. "Alikuwa nacho! Tazameni mkono wangu! Ningefanyaje?"

Fundi Mkubwa alikuwa amepiga magoti kwa mdogo wake, akimfumba macho. Akainuka, akainua mkono. Mnyororo ukasimama.

Pale wanaume walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote. Kisu kwa kisu ni shauri la polisi. Kisu kwa mkono mtupu ni shauri la kulabu. Fundi Mkubwa akamtazama Mama Sauti. Alikuwa mtu wa sala, hakumchinja mnyama bila kulitaja jina la Mungu, na hakuwahi kumwita mama yule kwa jina lingine ila Mama.

"Mama. Sisi wote tulitazama zizini. Wewe uliyepiga kelele ulijua hakuna ng'ombe, kwa hiyo wewe ulitazama hapa. Mungu anakuona. Ndugu yangu alikuwa na kisu?"

Mama Sauti alitazama mguu wa mwanawe. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka, na kidole gumba kilikuwa kinapapasa sakafu, kinaitafuta, kinaikosa.

"Alikuwa nacho," akasema.

Wakamshusha.

Polisi walimchukua Radi, wakamfunga bega hospitalini, wakamweka mahabusu. Mama Sauti aliandikisha maneno yake kituoni: walikuwa wawili, kila mmoja na chake. Aliporudi nyumbani alipiga magoti kusali, akaona ulimi umekauka. Si kwamba Mungu alimkataa. Yeye ndiye aliyeogopa kuanza, asije akaulizwa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaoikanyaga ni wengi. Makaburini, kabla udongo haujakauka, mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu naye hakuwa malaika, alikufa na kisu mkononi. Mke wa Sindano alisikia. Alimrukia yule mwanamke, wakaanguka pamoja juu ya udongo mpya, na walipoachanishwa mke wa marehemu alikuwa na kipande cha sikio kati ya meno.

"Mume wangu hajapata kuchoma hata kuku wa mtu!" alipiga kelele, kidevu chekundu. "Nani kasema? Nani aliona?"

Mama Sauti alikuwa hatua chache nyuma yake. Alijifunika mtandio usoni, akajifanya analia. Kweli alikuwa analia.

Machinjioni watu waligawanyika. Waliomvuta Radi kwenye kulabu walikaa upande huu, waliomwonea huruma upande ule. Walitemeana mate kwenye maji ya kunawa. Mtu mmoja alivunjwa taya kwa mpini wa shoka kwa kusema tu kwamba Sindano alijitakia. Halafu siku moja fahali mweusi akakata kamba kweli. Mama Sauti akamwona, akapaza sauti.

Hakuna aliyeachia kisu.

Kila mmoja alikibana chake, akamtazama jirani yake. Nani aweke chini wakati mwenzake anacho? Fahali akapita katikati yao kama upepo kwenye kamba ya nguo. Mpasua mbavu aliruka, akateleza, akaangukia kisu chake mwenyewe, kikamwingia juu ya kinena. Walimbeba kwenye ngozi mbichi, ameshika utumbo wake kwa mikono ile mikubwa, akimwita mama yake, naye mtu mzima mwenye mvi.

Jioni hiyo Mama Sauti alimwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa mlinzi wa lango la machinjio. Alimkuta kibandani anapiga kiatu rangi.

"Shemeji, nataka kusema neno."

"Neno gani? Kaa kwanza."

"Sindano alikuwa ameweka kisu chini."

Brashi ikasimama. Shemeji alichungulia nje, akafunga dirisha.

"Hukusema hivyo, na mimi sikusikia hivyo."

"Nilidanganya."

"Uliokoa mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata angekuwa mke wa mfalme, angesema ulivyosema."

"Na mpasua mbavu?"

"Alidondoka. Watu hudondoka."

"Na mke wa Sindano?"

"Ataolewa. Sikiliza, shemeji." Aliushika mkono wake, akauminya kuliko inavyopasa. "Sindano kafa, hata useme ukweli kwa tarumbeta haamki. Radi yuko hai. Ukisema, unazika wawili. Mungu gani anataka wawili?"

 Masomo ya Mama Sauti yaliishia shule ya msingi, na maneno ya shemeji yalikuwa yamenyooka kama uzi wa fundi muashi. Usiku kucha aliyapima, hakuona pa kuyavunja. Jambo moja tu lilimsumbua: kila alipoyakubali, vidole vya mkono wake vilikuwa baridi.

Kesho yake alikwenda kituoni kumwona mwanawe. Alijiambia moyoni: kama Radi hakukiona kisu kikianguka, kama hasira ilimpofusha, basi ni ajali ya mashetani wawili, nami nitanyamaza mpaka kaburini. Nitambebea. Mama amezoea kubeba.

Radi aliletwa dirishani, bega limefungwa, uso umevimba upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bega?"

"Linauma. Nao litawauma. Nawajua wote walioshika ule mnyororo, kwa majina na kwa nyumba. Nikitoka nawapitia."

"Usiseme hivyo."

"Afande anasema kesi yangu nyepesi. Kwa sababu yako, mama. Maneno yako ndiyo ngao."

"Radi. Nikuulize kitu. Usinidanganye, ni mama yako."

"Uliza."

"Ulikiona kisu kinaanguka?"

Radi alimtazama askari aliyekuwa kwenye kiti akichokonoa meno, akasogeza mdomo kwenye nondo.

"Mama, si hapo uliponisaidia? Yule alikuwa mwepesi, alishanichana, na angenichana tena. Ulipopiga kelele nikasema moyoni, sasa huyu atakiachia, maana mama kamfundisha vizuri. Na kweli." Alitabasamu kwa ule upande wa mdomo ambao haukuvimba. "Tulimmaliza mimi na wewe."

Mama Sauti aliushika ukingo wa dirisha. Aliuona mkono wa Sindano ukiinuliwa, kwapa wazi. Yeye ndiye aliyemfungulia mwanawe lile kwapa. Siku zote alikuwa amehesabu dhambi yake kuwa ni neno moja, "alikuwa nacho." Kumbe lilitanguliwa na jingine. Neno la kuokolea watu na mnyama alikuwa amelitupa katikati ya watu wawili, mmoja anasikia na mmoja hasikii, na aliyesikia ndiye aliyekufa kwa usikivu wake.

"Mama? Niletee sabuni kesho."

"Kesho nitakuja," akasema.

Hakungoja kesho. Alitoka hapo moja kwa moja mpaka machinjioni, akaingia ukumbini na nguo zake safi. Watu wakamshangaa, maana haikuwa zamu yake. Fundi Mkubwa alikuwa amekwisha kumlaza dume, goti juu ya shingo.

"Malizia," Mama Sauti alimwambia. "Kisha nisikilize."

Fundi alimaliza. Damu ikatiririka mferejini. Akafuta kisu, akasimama.

"Mdogo wako hakuwa na kisu," alisema Mama Sauti, na hakuinua sauti, lakini koo lile hata likinong'ona lilifika ukutani. "Nilipopiga kelele alikiweka chini kama nilivyomfunza. Kisu kilikuwa chini. Radi alikiona kikianguka, ndipo akamchoma. Nami nilikuona ukimfumba macho, nikakudanganya."

Mtu mmoja alitukana. Kwato ikatoka upande wa kushoto, ikampata Mama Sauti kwenye nyonga. Nyingine ikatoka upande ule uliomhurumia Radi, na hiyo ikampasua juu ya jicho.

"Umemwuza mwanao!" alipiga kelele mmoja. "Mama gani wewe?"

"Asiyefunzwa na mamaye!" mwingine akadakia. "Sasa tumemjua mwalimu!"

Fundi Mkubwa alimjia. Alimpiga kofi, si la kumtisha, la mkono uliozoea kuangusha madume. Mama Sauti alizunguka, akaanguka kwenye mfereji, mdomo umejaa damu yake na ya ng'ombe. Fundi alimwinamia akamshika koo, lile koo, na vidole gumba vikakutana mbele. Alibana. Mama Sauti hakuinua mkono. Aliona taa inakuwa ndogo, akafikiri kwamba ni haki, kisha akafikiri hapana, si haki, kwa maana akifa hapa Fundi naye atakuwa muuaji, na nani atamweleza afande?

"Fundi," alikoroma. "Niache nikaseme kituoni. Kisha urudi unibane."

Fundi alibana kidogo zaidi. Halafu akalia, mtu mzima, mbele ya watu wake, kwa sauti mbaya kama ya msumeno kwenye mfupa. Akamwacha.

"Mumfikishe kituoni," akawaambia watu bila kugeuka. "Na atakayemgusa njiani nitamtundika."

Afande alikuwa yule yule mchokonoa meno. Alitazama jicho lililopasuka na alama za vidole shingoni.

"Nani kakufanya hivi, mama?"

"Nitakuambia. Sifichi tena mtu. Lakini andika kwanza nilichokuja kusema."

Akasema. Hakuruka hata moja: utani wa ngozi, pua iliyovunjika, kelele yake, mkono ulioinuliwa, na maneno ya Radi dirishani, yote, hata lile la "mimi na wewe." Afande alipofika hapo aliweka kalamu.

"Mama, mimi pia nina mama. Unajua haya yatampeleka wapi?"

"Najua."

"Sitaki uje ulie hapa baadaye."

"Nitalia. Wewe andika."

Ukuta wa mahabusu ulikuwa mwembamba. Radi alikuwa amemtambua kwa sauti. Kwanza aliita, "Mama?" kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza maji. Kisha akaelewa. Alianza kuupiga mlango wa chuma kwa mateke, halafu kwa bega, hata lile bovu, kila pigo na mlio wake.

"Mama, nyamaza! Afande, huyo kachanganyikiwa! Mama, nitakuua! Wallahi nikitoka naanza na wewe! Mama! Mama yangu, nakuomba!"

Mama Sauti alisimama mpaka matusi yakapita na maombi yakaja, na maombi yalikuwa mabaya zaidi. Akaweka dole gumba lake kwenye karatasi pale alipoonyeshwa.

"Kwa ule uongo wa kwanza," afande alisema, akikwepa macho yake, "nawe utabaki hapa mpaka mkuu aje. Ndiyo utaratibu."

"Sawa, baba."

"Vua viatu. Na mtandio."

Alivua. Chumba cha wanawake kilikuwa kitupu, sakafu yake baridi, na ukuta wake ndio ule ule ambao upande wa pili mwanawe alikuwa bado anaupiga, sasa kwa kichwa, taratibu, taratibu. Kila pigo lilimfikia mgongoni. Alipiga magoti. Ulimi ulikuwa umechanika na umevimba, lakini haukuwa umekauka tena. Alikuwa na wengi wa kuwaombea, na damu yake mwenyewe ilikuwa upande wa pili wa ukuta ikimwita kwa jina la mama. Akafumba jicho moja, lile jingine lilikuwa limeshafumba lenyewe, akaanza na Sindano.